Kimea cha Mtama: Somo la Mara ya Kwanza

Hebu tazama kikombe cha uji wa mtoto. Ukiupika mwepesi, mtoto anaunywa wote, lakini kilichoingia tumboni ni maji mengi na unga kidogo. Ukiupika mzito, unga ni mwingi, lakini mtoto anakula vijiko vitatu, kisha anageuza uso. Tumbo la mtoto wa kilo 8 linachukua kama robo lita tu, yaani kikombe kimoja cha chai. Basi mama yuko kati ya mambo mawili, na kwa yote mawili mtoto anabaki na njaa.

Iko njia ya tatu, nayo ni ya zamani sana. Wenzetu wengi wa bara wanaijua kwa sababu ya togwa. Njia hiyo ni kimea. Kimea ni nafaka iliyooteshwa, ikakaushwa, ikasagwa. Kijiko kimoja cha unga wa kimea kikitiwa katika uji mzito, uji ule unalegea mbele ya macho yako mpaka unanyweka, wala hukuongeza hata tone la maji. Unga uliomo ni ule ule. Kilichobadilika ni uzito wa uji tu.

Leo tujifunze kutengeneza kimea kwa mara ya kwanza, kwa vyombo vilivyomo majumbani mwetu hapa Pemba: ungo, jamvi, kikapu, kinu na mchi, kifumbu cha tui, na sufuria. Mashine hazihitajiki. Kipimajoto hatuna, lakini tutaona namna ya kupima moto bila ya hicho.

KWA NINI UJI UNALEGEA?

Mbegu ni ghala. Ndani yake kuna wanga, na wanga ule ni chakula cha mche utakaozaliwa. Lakini mche mchanga hawezi kula wanga kama ulivyo. Ni lazima ukatwe vipande vidogo vidogo, uwe sukari. Kwa hiyo mbegu ikishalowa na kuanza kuota, inatengeneza kitu cha kukatia. Wataalamu wanakiita kimeng'enya.

Fikiri juu ya kamba ndefu za makumbi zilizotupwa ovyo katika ndoo ya maji. Zinasokotana, na hata ukitaka kukoroga huwezi. Hivyo ndivyo wanga ulivyo katika uji mzito. Sasa chukua kisu, uzikate kamba zile vipande vya nusu kidole. Ndoo ni ile ile, makumbi ni yale yale, lakini sasa unakoroga bila taabu. Kimeng'enya ndicho kisu.

Hata mate yetu yana kisu cha namna hiyo. Tafuna kipande cha mkate polepole, usimeze, mpaka uhesabu mia moja. Utasikia utamu unakuja. Na bila shaka umewahi kuona uji uliobakishwa na mtoto ukawa majimaji baada ya muda mfupi. Si kwamba umeharibika. Ni mate yaliyokuwa kwenye kijiko.

Jambo hili halikubaki kuwa ujuzi wa bibi zetu peke yao. Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania, iliyoanzishwa mwaka 1973, ililichunguza. Mwaka 1983 wataalamu wawili, Mosha na Svanberg, walichapisha matokeo yao kuhusu uji wa watoto uliotiwa unga wa nafaka iliyooteshwa. Uji wa kawaida wa kunywa huwa na unga kidogo sana, na maji ndiyo mengi. Kwa kimea, uji wa kunywa unaweza kubeba unga mara mbili au zaidi. Kikombe ni kile kile, tumbo ni lile lile, chakula ni maradufu.

KUCHAGUA NAFAKA

Mtama, ulezi na uwele vyote vinatoa kimea kizuri. Ulezi huletwa madukani kutoka bara, na kwa uji wa mtoto mdogo ndio bora kuliko yote. Sababu yake tutaiona mbele kidogo. Mpunga na mahindi pia huota, lakini kimea chake ni dhaifu. Shayiri ya dukani, ile tunayopikia uji wa futari, imeshakobolewa, haitaota hata ukiilowesha wiki nzima. Na mtama uliokwisha twangwa hali kadhalika. Tafuta punje nzima yenye kiini chake.

Sasa sikiliza vizuri. Usitumie kabisa mbegu za kupanda zilizotiwa dawa. Mara nyingi hupakwa rangi, nyekundu au kijani, ili watu wasizile. Kuziosha hakusaidii. Na nafaka ya ghalani iliyonyunyizwa dawa ya wadudu, iache vilevile. Nunua nafaka ya chakula, na muulize muuzaji.

Mtama mwekundu mkali, ule hata ndege hawautaki, uache pia. Ukali wake unazuia kile kisu kisikate. Chagua mtama mweupe.

Kabla ya kulowesha kibaba kizima, jaribu kwanza. Hesabu punje 100, zifunge katika kitambaa kibichi, uziweke mahali penye kivuli kwa siku mbili au tatu. Kisha hesabu zilizoota. Zikiwa 80 au zaidi, nafaka yako ni nzuri. Zikiwa chini ya hapo, tafuta nyingine. Punje isiyoota haikai bure ndani ya kikapu. Inaoza, na inawaozesha wenzake.

KULOWESHA NA KUOTESHA

Osha nafaka mara tatu nne. Mapepe yanayoelea yatupe. Kisha loweka kwa maji safi usiku na mchana, saa 24 hivi. Maji yabadilishe mara tatu au nne, kwa sababu mbegu iliyozama inataka hewa kama wewe, na maji yaliyolala yananuka.

Baada ya hapo yachuje maji. Chukua kikapu kisafi, tandika majani ya mgomba yaliyooshwa, umwage nafaka ndani yake. Unene wa nafaka usizidi vidole viwili. Funika kwa kitambaa kibichi, uweke kivulini, mahali ambapo kuku hawafiki. Maana kuku nao wanajua kimea!

Asubuhi na jioni nyunyiza maji kidogo na kuigeuza nafaka kwa mikono iliyooshwa kwa sabuni. Kwa nini kuigeuza? Ingiza mkono wako katikati siku ya pili, utaona pana joto. Mbegu inayoota inapumua, na inapumua kwa nguvu. Ukiirundika kama rundo la mchanga, joto litazidi, itachemka yenyewe na kuingia ukungu.

Kwa joto la Pemba, siku mbili mpaka tatu zinatosha. Machipukizi yakifikia urefu wa punje au kuzidi kidogo, acha. Ukingoja mpaka majani ya kijani yatoke, mche umeshakula ghala lake, na wewe umebaki na maganda.

KUKAUSHA, NA HATARI ILIYOMO KATIKA MACHIPUKIZI

Anika juani, kwa safu nyembamba, siku mbili au tatu. Jioni iingize ndani isipate umande. Usitumie jamvi la karafuu. Harufu ya karafuu haitoki, na uji utanuka kama dawa ya meno. Wakati mzuri wa kazi hii ni kiangazi, au kipupwe baada ya mvua kwisha. Masika usijaribu, hasa kwa mara ya kwanza. Kimea kisichokauka kwa siku mbili tatu kitaota ukungu.

Kimekauka? Tia punje moja mdomoni uiume. Ikilia na kuvunjika, tayari. Ikibonyea, bado.

Wapo watu hukaanga nafaka ya uji wa mtoto ili inukie. Huo ni unga mzuri, lakini si kimea. Moto wa kikaango unakiua kile kisu. Kimea hukaushwa kwa jua tu.

Sasa tufikie jambo la machipukizi. Sote tunajua kuwa muhogo mchungu una sumu, na kwamba lazima uandaliwe kwa utaratibu wake. Mtama unaoota nao una sumu ya ukoo ule ule. Ndiyo maana ng'ombe huweza kufa akila mtama mchanga shambani. Sumu hiyo imo zaidi katika chipukizi na mzizi, si katika punje. Kwa hiyo mtama ukishakauka, usugue kwa viganja juu ya jamvi mpaka vimizizi na vichipukizi vyote vikatike. Halafu pepeta kwa ungo, pepeta tena, upeperushe takataka zote. Takataka hizo usizile, wala usimpe mbuzi. Na uji wa kimea cha mtama lazima uchemshwe tena baada ya kulegea, kama tutakavyoona. Ulezi hauna tatizo hili, ndiyo maana tulisema ni bora kwa mtoto mdogo. Mtama mbichi ulioota, ambao haukukaushwa wala kusafishwa, usimpe mtoto hata kidogo.

Kilichobaki, twanga kinuni, chekecha, utie katika kopo kavu lenye kifuniko. Tengeneza kidogo kidogo, cha kutosha mwezi mmoja.

MOTO NDIO KAZI YENYEWE

Mtu anaweza kufanya yote tuliyoyasema, tena vizuri, halafu akapoteza kila kitu kwa dakika moja jikoni. Anatia kimea wakati uji unatokota. Uji unabaki mzito kama ulivyokuwa, na yeye anasema kimea ni uongo.

Kile kisu kina tabia yake. Katika maji baridi kinakata polepole. Joto likipanda kinachangamka. Kwenye nyuzi 60 mpaka 65 hivi kinakata kwa nguvu kweli kweli. Lakini likizidi nyuzi 75 au 80 kinakufa, na kikishakufa hakirudi hata uji ukipoa. Maji yanayochemka ni nyuzi 100. Kwa hiyo: uji uepuliwe kwanza, upoe kiasi, ndipo kimea kitiwe.

Utajuaje nyuzi bila ya kipimajoto? Kuna hesabu nyepesi. Maji ya mtungi hapa kwetu yana nyuzi 27 au 28. Ukichanganya kikombe kimoja cha maji yanayochemka na kikombe kimoja cha maji ya mtungi, unapata joto la katikati. Jumlisha 100 na 28, ni 128. Gawa kwa 2, ni 64. Yaani nusu kwa nusu inakufikisha pale pale panapotakiwa! Watengenezaji wa bia ya shayiri kule Ulaya wana vipimajoto na mapipa ya chuma, na wanatafuta joto hilo hilo.

Njia nyingine ni kidole kilichooshwa. Kikiingia na kutoka mara moja kwa kuungua, bado ni moto mno, ngoja. Ukiweza kukiacha kwa kuhesabu moja, mbili, tatu, ndipo utie kimea. Hapo joto limeshuka chini ya nyuzi 60, lakini kisu bado kinafanya kazi, na huna hatari ya kukiua. Kwa anayeanza, njia hii ni salama zaidi.

UJI WA MTOTO

Pika uji mzito wa kawaida, uive vizuri, uwe mzito hata mwiko unakaribia kusimama. Epua. Upoe mpaka kidole kikubali kuhesabu tatu. Kwa kila kikombe cha uji tia kijiko kimoja cha chai cha unga wa kimea, ukoroge. Funika, ungoje dakika 10 mpaka 15. Koroga tena, utauona unamiminika. Kama bado ni mzito, ongeza nusu kijiko.

Kisha urudishe motoni uchemke dakika tano au zaidi, wazi bila kifuniko. Usiache hatua hii. Kimea kimekaa siku tatu katika unyevu na joto, na vijidudu vinapenda mahali kama hapo. Kuchemsha kunaviua, na mabaki ya ile sumu ya mtama yanatoka na mvuke. Usiogope kwamba kisu kitakufa sasa. Kimeshamaliza kazi yake, uji hautarudi kuwa mzito kama mwanzo.

Tia tui la nazi, au karanga zilizosagwa, au unga wa dagaa. Sukari huna haja nayo sana, kwa kuwa kimea chenyewe kimeleta utamu. Uji huu ni kwa mtoto aliyetimiza miezi sita. Kabla ya hapo ni maziwa ya mama peke yake, na baada ya hapo aendelee kunyonya mpaka miaka miwili au zaidi.

TOGWA YA WAKUBWA

Pika vikombe 3 vya unga katika vikombe 8 vya maji mpaka uive. Epua. Mimina humo vikombe 8 vya maji yaliyochemshwa jana na kupoa mtungini. Ni ile hesabu yetu ya nusu kwa nusu. Pima kwa kidole, kisha tia kikombe kimoja cha kimea, ukoroge. Funika sufuria, uizungushie blanketi au uiweke katika kikapu kilichojazwa makumbi, ili joto lisitoroke. Iache saa nzima.

Mwenye iodini ya kidonda nyumbani anaweza kufanya mchezo mzuri hapa. Tia tone la togwa kwenye kisahani cheupe, na tone la iodini juu yake. Likigeuka buluu nyeusi, wanga bado upo. Likibaki kahawia, wanga umekwisha kukatwa. Kisahani kioshwe, na tone hilo limwagwe, lisirudishwe sufuriani.

Baada ya saa moja chuja kwa kifumbu, uchemshe dakika kumi, upoze, unywe siku ile ile. Hiyo ni togwa tamu.

Togwa ya uchachu ina njia yake. Ikishachemka na kupoa kuwa vuguvugu, tia kikombe cha togwa ya jana iliyochachuka vizuri, ufunike, uiache usiku kucha. Uchachu huo ni kama wa maziwa ya mgando, na vijidudu vingi vya kuharisha haviishi ndani yake. Mwaka 1994 Lorri na Svanberg walichapisha utafiti wao uliofanywa Tanzania: watoto waliopewa uji uliochachuliwa kwa namna hii waliharisha kwa nadra kuliko wenzao. Lakini togwa si dawa. Mtoto akiharisha, apewe maji ya chumvi na sukari yaliyopimwa ya kituo cha afya, na apelekwe huko.

JE, HII SI POMBE?

Mama mkwe atauliza, na ana haki ya kuuliza: "Mwanangu, hivi sivyo wanavyofanya wapika pombe?"

Mwanzo wake ni mmoja, ni kweli. Wachaga wanatia kimea cha ulezi katika mbege, na bia huanza kwa kimea cha shayiri. Lakini kimea chenyewe si kileo, ni nafaka iliyoota. Kileo kinatengenezwa na hamira, nayo ipo hewani, vyomboni na kwenye maganda ya matunda. Hamira ikipata sukari na ikaachiwa muda, inaigeuza. Uji uliochemshwa na kunywewa saa ile ile haukupata muda huo. Togwa tamu ya leo, vivyo hivyo. Ile ya uchachu ndiyo ya kuangalia: ikifika siku ya pili au ya tatu, ikaanza kutoa mapovu na harufu ya kuchoma pua, imekwisha kugeuka. Asiyetaka kileo asiifikishe hapo. Atengeneze kidogo, imalizike mapema. Mwenye shaka juu ya togwa ya uchachu amuulize shekhe wake, na akipenda abaki na uji wa kimea peke yake.

Wala usiifunge togwa katika chupa na kizibo cha kukaza. Mapovu yanajaa, na chupa ya kioo inaweza kupasuka ikakata watu.

UKUNGU

Kimea kikiwa na madoa meusi, ya kijani au ya manjano, au kikinuka uvundo, kitupe chote. Usichague kizuri ukaacha kibaya. Sumu ya baadhi ya ukungu haifi kwa moto, na huonekani mdomoni wala puani. Mwaka 2016 watu wapatao 20 walikufa katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumu ya namna hiyo. Kibaba kimoja cha mtama kinauma kukitupa, tunajua. Kitupe, uanze upya jua likiwaka.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KIKUNDINI

1. Umeotesha punje 100 za mtama, zimeota 74. Utaulowesha mtama huo au utatafuta mwingine? Kwa nini?

2. Jirani ametia kimea sufuria ikiwa juu ya mafiga, uji unatokota. Umebaki mzito. Mweleze kilichotokea.

3. Una vikombe 6 vya maji yanayochemka. Utatia vikombe vingapi vya maji ya mtungi ili ufike nyuzi 64? Maji ya mtungi yakiwa na nyuzi 24, utafika nyuzi ngapi?

4. Kwa nini mtama ulioota husuguliwa na kupepetwa kabla ya kutwangwa, na kwa nini ulezi unafaa zaidi kwa mtoto mdogo?

5. Kijijini kwenu, ni miezi gani kimea kinaweza kukauka kwa siku mbili? Andika majina ya miezi hiyo.